Jinsi ya kupandisha briza za difu juu ili maji yasiingie

Gari la watalii likirudi kutoka Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa Aprili, kabla halijapelekwa kuoshwa nalala chini yake na spana ya 24. Nafungua nati ya kujazia oili kwenye difu ya nyuma, lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa matairi, nachovya kidole. Oili nzuri huwa na rangi ya asali, au nyeusi kidogo ikiwa imeshatembea. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Mafundi wengi tukiiona hiyo chai ya maziwa tunakimbilia sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Nilifanya hivyo kwa Land Cruiser moja: nikabadilisha sili za nyuma mara mbili ndani ya masika moja, na mara zote mbili maji yakarudi. Sili zilikuwa nzima kabisa. Maji yalikuwa yanapita kwenye briza, yaani kipumulio cha difu, kile kifuniko kidogo kilichokaa juu ya nyumba ya ekseli na kusahaulika kila sevisi. Tangu siku hiyo sifungui sili ya gari lililovuka maji bila kuangalia briza kwanza.

Hapa nitaeleza namna ya kuihamisha, kwa mfano wa Land Cruiser za toleo la 70 kama HZJ78 na HZJ79, kwa kuwa ndizo zimejaa karakana za hapa Arusha. Difu ya nyuma ya Hilux inafanyika vilevile.

Maji yanaingiaje?

Ukielewa hili, kazi yote iliyobaki utaifanya kwa akili yako. Gari likitembea, gia za ndani, yaani kraun na pinioni, zinasagana ndani ya oili na difu inapata moto. Hewa iliyomo ndani inapanuka, inahitaji pa kutokea, na briza ndiyo njia yake. Sasa dereva ametoka mwendo mrefu wa vumbi, anafika mtoni, anaitumbukiza ekseli ya moto ndani ya maji baridi. Hewa ndani inasinyaa papo hapo. Ikishuka kutoka sentigredi 80 hadi 30, inapungua kwa karibu asilimia 14. Kama ndani mna lita 4 za hewa, nafasi ya zaidi ya nusu lita inadai kujazwa, na kitakachoijaza ni chochote kilichozunguka briza wakati huo. Difu inanyonya kama mtu anayevuta soda kwa mrija.

Sasa pima urefu. Tairi la 7.50-16 lina kimo cha sentimita 80 hivi, kwa hiyo katikati ya ekseli ni kama sentimita 40 kutoka ardhini. Briza iko juu kidogo ya hapo. Maji yanayomfika mtu magotini yameshaikaribia, na yakimpita magoti kidogo yameifunika. Dereva haoni hatari yoyote, injini iko juu, snokeli (bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu) ipo, lakini chini difu inakunywa.

Briza ikiziba kwa matope makavu, mambo ni mabaya vilevile, ila kwa njia nyingine. Hewa ya moto inakosa pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Nyuma utaona oili imelowesha breki. Mbele, oili inapita sili ya ndani na kuingia kwenye nako, kile kifundo kinachogeuza tairi la mbele, inachanganyika na grisi ya joint mpaka inakuwa uji. Na difu hiyohiyo iliyoziba ikiingia majini, itanyonya kupitia midomo ya sili. Kwa hiyo ukikuta sili inavuja, safisha briza kwanza ndipo ubadilishe sili. Ukibadilisha sili peke yake, mpya nayo itasukumwa.

Vitu vya kuandaa

Mpira wa petroli wenye tundu la milimita 8, mita 5 hadi 6 kwa ekseli zote mbili. Pima gari lako kwa kamba kabla ya kununua. Nipo mbili za shaba, yaani viunganishi vya kuchomekea mpira, zinazoingia kwenye tundu la briza. Klipu za mpira, tai za plastiki, brashi ya waya, dizeli kidogo ya kuoshea, na filta mbili ndogo za petroli, zile za plastiki.

Mpira usinunue ule mweupe unaoonyesha ndani ambao wajenzi wanapimia usawa. Ni wa bei nafuu, najua, lakini joto la chini ya gari linaukausha, na baada ya miezi michache unapasuka mahali usipopaona.

Kuhusu nipo, usikisie saizi ya uzi, ile mistari ya kuzungushia kama ya skrubu. Fungua briza ya zamani, nenda nayo dukani, jaribu nipo pembeni yake na hakikisha nyuzi zinalala sawasawa. Uzi uliokaribiana na wenyewe ndio unaoharibu tundu la ekseli. Chungulia pia tundu la nipo kwenye mwanga: zipo zilizotobolewa kidogo mno, na zipo zenye kigololi ndani kinachoruhusu hewa upande mmoja tu. Hizo rudisha.

Hatua ya 1: Safisha kabla ya kufungua

Egesha kwenye sakafu ngumu, weka vizuizi kwenye matairi, inua na uweke stendi. Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika mbili.

Piga brashi eneo lote la briza, mwagia dizeli, futa, kisha pulizia upepo. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona fundi akifungua briza iliyozungukwa na tope, na mchanga ukadondoka moja kwa moja ndani. Mchanga huo unakwenda kwenye beringi.

Hatua ya 2: Fungua briza ya zamani

Tumia ring spana inayokaa sawasawa. Ikigoma, mwagia mafuta ya kulainisha kutu, isubiri nusu saa, kisha ikaze kidogo kabla ya kuilegeza. Briza ni laini, ikilazimishwa inakatika na nusu inabaki ndani. Ikitoka, ziba tundu kwa kitambaa safi kikubwa kiasi cha kutoweza kutumbukia.

Itikise briza uliyoitoa. Kifuniko chake kinatakiwa kucheza. Kikiwa kimeganda, umeshapata sababu ya oili kuvuja.

Hatua ya 3: Funga nipo

Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili au tatu, ukiacha uzi wa kwanza wa mbele bila tepu ili vipande visiingie ndani. Anza kwa vidole. Isipokwenda angalau mizunguko miwili kwa vidole, toa uanze upya. Malizia kwa spana, kwa nguvu ya kiasi: shaba haipendi kubanwa kama nati ya tairi.

Hatua ya 4: Pitisha mpira

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ekseli inapanda na kushuka, chesisi haifanyi hivyo, na mpira unaunganisha vyote viwili. Njia rahisi ni kuufuata mpira wa breki unaotoka chesisi kwenda kwenye ekseli. Waliotengeneza gari walishapima pale, wakaacha urefu wa kutosha. Pita hapo, acha mkunjo mlegevu, usifunge tai za plastiki kwenye mpira wa breki wenyewe.

Kaa mbali na bomba la moshi na propela shafti. Kuanzia kwenye ekseli, mpira upande juu wakati wote. Ukiuacha ushuke kisha upande tena, pale chini patakusanya oili na unyevu, na hicho kidimbwi kidogo kinaziba hewa kama tope lilivyokuwa likiziba. Tai usizikaze mpaka mpira ukabanwa.

Wa mbele naumalizia ndani ya boneti, juu kabisa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva. Wa nyuma naupandisha ndani ya nguzo ya bodi, karibu na mdomo wa tangi, juu kuliko usawa wa viti. Kuna wanaounganisha mpira na snokeli. Mimi sikubaliani nao: kule injini inavuta hewa, na difu haitakiwi kuvutwa.

Wengine huunganisha difu zote mbili, gia boksi na transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye mdomo mmoja. Kunapendeza kwa macho, lakini mdomo huo ukiziba umeziba kila kitu kwa siku moja. Kila difu iwe na njia yake. Gia boksi na transifa mara nyingi zimeshapandishiwa mpira na kiwanda. Kazi yako ni kuangalia kama haujachomoka.

Hatua ya 5: Weka filta na ugeuze mdomo chini

Mwisho wa mpira upinde uangalie chini, chomeka filta, funga klipu. Filta inazuia vumbi na inampa fundi mwingine kitu cha kuona. Ibadilishe ikiwa nyeusi au imelowa oili.

Hatua ya 6: Jaribu

Kwanza, inua chesisi mpaka matairi ya nyuma yaning'inie. Mpira ukivutika kama kamba ya nguo, uongeze urefu. Mbele fanya hivyohivyo, kisha zungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, mwenzako akitazama chini kama mpira unaguswa na tairi.

Pili, legeza nati ya kujazia oili na uitoe, toa filta, puliza kwa mdomo kwenye ncha ya mpira. Mwenzako aweke kidole kwenye tundu la nati. Asiposikia hewa, mpira umejikunja mahali au nipo imeziba. Usitumie upepo wa kompresa kwenye jaribio hili nati ikiwa imefungwa. Utazitoa sili mahali pake kwa sekunde moja.

Kama oili ilikuwa chai ya maziwa, imwage yote. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, siku zote, maana ukimwaga halafu ya juu ikagoma, gari haliondoki. Weka oili rahisi ya kusuuzia, tembeza gari taratibu kilomita chache, mwaga tena, ndipo uweke oili ya gia 80W-90 ya daraja la GL-5 mpaka ifike mdomo wa tundu. Difu ya LSD, ile inayopunguza tairi moja kuzunguka bure, inataka oili yake.

Dereva aliyeko porini bado na mpira hajawekewa, mwambie mambo mawili. Akifika mtoni asimame ng'ambo hii dakika kumi na tano au ishirini, difu ipoe hewani kabla ya kugusa maji. Na akihisi imekunywa, aegeshe usiku kucha mahali tambarare. Maji ni mazito kuliko oili, yatatuama chini. Asubuhi, gari likiwa halijawashwa, alegeze nati ya kumwagia polepole huku ameishikilia kwa vidole: maji yatatangulia kutoka, na oili ikianza kuja, akaze.