Namna ya kumjengea mtoto mifupa itakayomfaa uzeeni

Osteoporosisi, yaani ugonjwa unaoifanya mifupa iwe myepesi na ivunjike kwa urahisi, huonekana uzeeni, lakini sehemu kubwa ya hatari yake huamuliwa mapema, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya akiba ya mifupa huwa imekwisha kujengwa msichana afikapo miaka 18 na mvulana miaka 20. Baada ya miaka 30 hivi akiba haiongezeki tena, na mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 yake katika miaka 5 hadi 7 baada ya hedhi kukoma. Urithi wa wazazi una uzito mkubwa katika jambo hili. Yanayofuata yanahusu kile kilichobaki mikononi mwetu.

Anza na chakula, hasa kati ya miaka 9 na 18, ambapo mtoto huhitaji takribani miligramu 1300 za kalsiamu kwa siku. Maziwa na jibini ya Masisi vinafaa sana, ila si kila nyumba inayovimudu. Hapa Bukavu ningetanguliza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mradi waliwe wazima. Ukinunua waliokaushwa sokoni Kadutu, usiwakate vichwa wala kuwatoa mfupa wa mgongo, maana kalsiamu imo humo; waoshe mchanga, uwakaange hadi wakauke vizuri, na kwa mtoto mdogo uwasage wawe unga laini wa kutia katika uji, ili mwiba usimkwame kooni. Lengalenga (mchicha) nayo ina kalsiamu, lakini oksalati, kemikali ya asili iliyomo, huzuia mwili kuifyonza yote, kwa hiyo isichukue nafasi ya samaki.

Mwache acheze nje mchana apate vitamini D kutokana na jua. Kuruka kamba, mpira na kupanda vilima vyetu kwa miguu huimarisha mfupa kuliko kuogelea, kwa sababu mfupa hujijenga unapobeba uzito wa mwili. (Sisemi abebeshwe madumu ya maji.)

Jihadharini pia na deksametazoni, vidonge ambavyo baadhi ya wasichana humeza ili wanenepe: dawa za aina hiyo zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla, bali aonane na daktari ampunguzie kipimo hatua kwa hatua.