Kuingia kundi la utafiti wa mifumo sambazi: anza na seva zinazokufa

Kila msimu wa maombi napokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, nisaidie nafasi kwenye kundi lenu." Na mimi huuliza swali moja: umeshaona seva mbili, kila moja ikidai ndiyo kiongozi? Kama bado, tuweke vyeti pembeni kwanza.

Nafanya uzamivu Uholanzi, kwenye mifumo sambazi, yaani kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama moja ilhali yoyote inaweza kuzima na ujumbe wowote unaweza kupotea njiani. Tatizo lenyewe unalijua. Umetuma pesa kwa simu, mtandao umekwama, hujui kama imefika. Ukirudia, huenda utalipa mara mbili. Usiporudia, mwenye duka anakukodolea macho. Sisi tunalipwa mshahara kukaa na swali hilo kutwa.

Anza na Raft, itifaki inayoziwezesha seva kadhaa kuchagua kiongozi mmoja na kukubaliana juu ya data zao, ya Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford, iliyochapishwa mwaka 2014. Makala yake ni ya bure. Isome, kisha iandike mwenyewe kwa lugha ya Go ukifuata mazoezi ya kozi ya MIT namba 6.5840, zamani 6.824. Mihadhara ya mwaka 2020 iko YouTube. Mwalimu ni Robert Morris, ndiyo, yuleyule wa mnyoo wa intaneti wa 1988, programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Uzuri wake kwa aliyeko Mbeya au Kisumu ni kwamba seva zote zinaishi ndani ya laptop yako, na mtandao unaopoteza ujumbe ni wa kuigiza. Ukishapakua kila kitu, hata bando likiisha kazi inaendelea.

Utakutana na hili. Seva ni tano: A, B, C, D na E. Kushinda ni kura tatu. Muhula ni kipindi kinachoanza na uchaguzi, na kila seva ina kura moja tu kwa muhula. Katika muhula wa 7, A anajipigia kura, C na D wanamuunga mkono. C anazima. Anapowaka, B naye anaomba kura za muhula huohuo wa 7, na kwa kuwa C hakuiandika kura yake kwenye diski, hakumbuki chochote, anapiga tena. B anazo kura za B, E na C. Viongozi wawili, muhula mmoja, na data za wateja zinaanza kupishana. Dawa ni kuandika muhula, kura na logi (orodha ya maagizo ya wateja) kwenye diski kabla ya kujibu ujumbe. Makala inasema hivyo waziwazi, lakini usome mara ngapi, haikuingii mpaka uone programu yako ikichapisha mistari miwili yenye "kiongozi, muhula 7" ikifuatana. Kwa hiyo kila mstari unaochapisha uwe na namba ya seva na muhula, la sivyo utapapasa gizani. Na majaribio yakipita mara moja usishangilie. Yaache yajirudie usiku kucha. Kasoro hizi zina tabia ya kujificha.

Baada ya hapo, chagua makala ya OSDI au NSDI, makongamano ya utafiti wa mifumo ya kompyuta na mitandao. USENIX, shirika linaloyaandaa, huziweka makala wazi kwa yeyote. Tafuta yenye msimbo uliotolewa, urudie grafu moja tu. Moja! Usitazame wastani wa muda wa kujibu peke yake, tazama asilimia moja ya maombi yaliyochelewa kuliko yote. Ukweli wa mfumo huonekana huko. Ukishaingia uzamili au uzamivu, jitolee kwenye kamati za makongamano zinazokagua msimbo wa makala zilizokubaliwa. Wakaguzi wengi ni wanafunzi, nako utajifunza jinsi kazi za wengine zinavyofungashwa.

Sasa barua pepe. Salamu za nusu ukurasa na "naomba kwa unyenyekevu mkubwa" hazisaidii kitu. Andika hivi: nimesoma makala yenu fulani, nimerudia mchoro wa 6 kwa mashine tatu, wateja wakiongezeka matokeo yangu yanashuka mapema kuliko yenu, nadhani sababu ni diski, msimbo wangu huu hapa. Barua ya namna hiyo hujibiwa, hata kama dhana yako ya diski si sahihi.

Kuhusu fedha: Uholanzi, Ujerumani na Uswisi, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa, na nafasi hutangazwa kama kazi, mara nyingi utatakiwa uwe na uzamili. Marekani unaweza kuomba moja kwa moja ukitoka shahada ya kwanza, na makundi mengi hulipia ada na posho. Kama huna hamu ya uzamivu, baadhi ya makundi huajiri wahandisi wa utafiti wa kujenga na kutunza mifumo. Mimi naona kazi hiyo haipewi sifa inayostahili.

Ukiitwa kwenye mahojiano, omba kuzungumza na wanafunzi wa kundi bila msimamizi kuwepo. Waulize aliyemaliza mwisho alichukua miaka mingapi na sasa yuko wapi. Waulize rasimu ya makala husomwa na msimamizi wiki ngapi kabla ya tarehe ya mwisho. OSDI na SOSP, kongamano jingine la mifumo, kwa kawaida hupokea chini ya robo ya makala zinazotumwa, kwa hiyo waulize pia makala ikikataliwa, nani hukaa na mwanafunzi kuiandika upya.