SOMO: Kusoma shahada ya uzamili ya uuguzi mtandaoni, hatua kwa hatua

Wadau wauguzi, salaam.

Ujumbe ni uleule kila wiki: "Nataka kusoma masta ya uuguzi mtandaoni, nianzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa naandika mara moja. Mimi mwenyewe nilimaliza nikiwa kazini, zamu za usiku zikiwemo. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuuliza, hasa hatua ya 5.

Hatua ya 1: Amua unasomea nini. Uzamili wa uuguzi una njia nyingi. Kuna ualimu wa uuguzi, uongozi, afya ya jamii, takwimu na mifumo ya afya. Hizi zinasomeka mtandaoni karibu zote. Halafu kuna zile za kumhudumia mgonjwa kwa mamlaka makubwa zaidi: ukunga wa ngazi ya juu, utoaji wa dawa za usingizi, na muuguzi bingwa anayechunguza ugonjwa na kuandika dawa. Kwa hizi, kinachosomwa mtandaoni ni nadharia tu.

Hatua ya 2: Hakikisha ithibati, mara mbili. Chuo kiwe na ithibati, na programu ya uuguzi yenyewe iwe na ya kwake. Kwa vyuo vya Marekani, angalia kama programu inatambuliwa na CCNE au ACEN, mashirika yanayotoa ithibati kwa programu za uuguzi, na uangalie kwenye orodha ya shirika lenyewe. Tangazo la chuo halitoshi. Kisha liandikie baraza la uuguzi la nchi unayotaka kufanyia kazi, uulize kama shahada ya mtandaoni ya chuo hicho inakubalika kwa usajili. Hifadhi jibu lao.

Msilione hili kama urasimu. Januari 2023 vyombo vya sheria vya Marekani viliwashtaki watu 25 katika kesi ya vyeti bandia vya uuguzi vilivyouzwa kupitia shule za Florida. Vyeti vilizidi 7,600. Mtu aliyebeba cheti kama hicho anakabidhiwa sindano na mgonjwa.

Hatua ya 3: Nyaraka. Leseni hai, transkripti, barua za wadhamini, matokeo ya mtihani wa Kiingereza pale vinapodaiwa. Transkripti huchelewa kuliko vyote, iombe kwanza.

Hatua ya 4: Barua ya kujieleza. Eleza tatizo moja uliloliona wodini na unalotaka kulifanyia kazi. Inatosha.

Hatua ya 5: Mafunzo kwa vitendo. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo soma taratibu.

Mtandaoni unapata darasa. Mgonjwa yuko wodini. Programu za kumhudumia mgonjwa zinakutaka ukae na msimamizi mwenye leseni, mahali palipokubaliwa, kwa mamia ya saa. Mimi nilimpata msimamizi mapema, muuguzi mzoefu aliyenikubali kwa moyo mweupe. Tukaanza. Kliniki ya kisukari, asubuhi, mgonjwa amefumba macho. Mimi nagusa nyayo zake kwa uzi mwembamba wa nailoni, naye aseme "ndiyo" kila anapohisi. Msimamizi wangu akanishika mkono: "Umekuwa ukigusa kwa mpigo mmoja, anakisia. Badilisha mwendo." Sijasahau somo hilo mpaka leo.

Siku nane, kwa muda wa saa nane kila siku. Saa 64 nikazijaza kwenye mfumo, akasaini. Wiki chache baadaye mratibu wa chuo akaniandikia kwamba siku niliyoanza, mkataba kati ya chuo na hospitali ulikuwa bado haujasainiwa, hivyo saa zote zinafutwa. Nililia. Kisha nikaelewa: bila mkataba, bima ya chuo haimlindi mgonjwa, wala msimamizi, wala mimi. Ningekosea kipimo cha insulini asubuhi ile, nani angewajibika? Mkataba ulikamilika muhula ukiwa umeshapita.

Kwa hiyo:

- Kabla ya kulipa ada, uliza: nani anatafuta msimamizi, chuo au mimi? Jibu liwe la maandishi. Vyuo vingi vya mtandaoni vinakuachia wewe.
- Anza kutafuta angalau miezi sita kabla.
- Chuo kitataka wasifu na leseni ya msimamizi. Angalia tarehe ya mwisho ya leseni hiyo.
- Zamu yako ya mshahara haihesabiki kama mafunzo, isipokuwa chuo kimeruhusu kwa maandishi.
- Chanjo, cheti cha kuhuisha moyo na bima viwe tayari.
- USIANZE HATA SAA MOJA kabla barua ya ruhusa haijafika mkononi.

Na upige hesabu. Viwango vya Marekani vya 2022 vilipandisha kiwango cha chini cha saa za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja, kwa anayesomea uuguzi bingwa wa kuchunguza ugonjwa na kuandika dawa, kutoka 500 hadi 750. Ukipata saa 16 kwa wiki, ni karibu wiki 47. Panga zamu zako kwa kuangalia namba hiyo.

Hatua ya 6: Kusoma. Uliza kama vipindi ni mubashara au vimerekodiwa. Kwa mtu wa zamu, vilivyorekodiwa vinaokoa maisha.

Hatua ya 7: Andiko la mwisho. Omba kibali cha maadili ya utafiti kabla ya kugusa faili la mgonjwa yeyote. Ukikusanya data kwanza, hutaruhusiwa kuitumia.

MASWALI

zamu_ya_usiku: Asante sana. Chuo gani ni rahisi na hakina vitendo kabisa?

Jibu: Kwa ualimu au uongozi, vitendo ni vichache na vya aina nyingine. Kwa kutibu mgonjwa, hakipo. Ukikiona, rudi hatua ya 2.

Mdau_mpya: Nimepitia haraka haraka. Msimamizi natafutiwa na chuo eti?

Jibu: Hatua ya 5, nukta ya kwanza.

kofia_nyeupe: Unatutisha tu. Mwenzangu alianza vitendo bila mkataba na alimaliza salama.

Jibu: Mwenzako alibahatika, na wagonjwa wake pia. Mimi nimeandika yaliyonipata ili yasikupate. Nikikuambia "anza tu," halafu ukapoteza muhula, utanirudia mimi.

Mama_wa_wodi: Nina stashahada na leseni, sina digrii ya kwanza. Nina miaka kumi na miwili wodini. Kuna mlango?

Jibu: Upo, dada. Baadhi ya vyuo vina programu za daraja, muuguzi mwenye stashahada na leseni anapitia masomo ya shahada ya kwanza na kuunganisha uzamili. Uliza mambo mawili: je, njiani unapewa cheti cha shahada ya kwanza, au ukikatisha unaondoka mikono mitupu? Na je, baraza lako linatambua njia hiyo ya kuunganisha? Uzoefu wako ni mtaji mkubwa. Kwenye barua ya kujieleza, andika kuhusu mgonjwa mmoja aliyekufanya utake kujua zaidi.

hesabu_sizipendi: Kwa nini wanatubebesha takwimu? Sisi ni wauguzi.

Jibu: Swali zuri, nami niliwahi kulia na takwimu. Mwaka 1858 muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alichapisha michoro ya duara kuhusu vifo vya wanajeshi katika Vita vya Krimea. Ilionyesha kwamba waliokufa kwa maradhi ya kuzuilika walikuwa wengi mno kuliko waliokufa kwa majeraha. Wakubwa walikuwa wamesikia malalamiko, lakini mchoro ndio uliowabana. Ukitaka usafi wa wodi yako ubadilike, nenda na namba. Anza kwa kuhesabu kitu kimoja kwa mwezi, mfano vidonda vya kulalia.

hesabu_sizipendi: Hapo nimekuelewa. Nianzeje swali la utafiti?

Jibu: Ligawe vipande vinne: mgonjwa ni nani, unamfanyia nini, unalinganisha na nini, unatarajia matokeo gani. "Wazee waliolazwa, kugeuzwa kila saa mbili, kulinganisha na kila saa nne, vidonda vya kulalia." Ukishindwa kujaza kipande kimoja, swali bado halijaiva.

kitabu_wazi: Makala za utafiti zinadai malipo. Mnapataje?

Jibu: Anza na maktaba ya chuo chako, ada yako imeshailipia. PubMed Central ina makala kamili za bure. Hospitali na vyuo vya nchi zenye kipato kidogo vinaweza kusajiliwa kwenye Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kusoma majarida ya afya mtandaoni. Muulize mkutubi wenu. Na tangu wiki ya kwanza tumia Zotero kutunza rejea, ni ya bure.

kofia_nyeupe: Mtihani wa mtandaoni unaosimamiwa kwa kamera je? Umeme ukikatika?

Jibu: Siku moja kabla, jaribu kamera na programu yao kwenye mashine ileile. Umeme ukikatika, piga picha ya skrini ukiweza na uwaandikie papo hapo, usingoje kesho.

Mama_wa_wodi: Nimewaandikia chuo jana. Wamejibu: "Mwanafunzi anajitafutia msimamizi." Nimeanza leo, nina majina mawili.

Jibu: Vizuri sana, dada. Sasa waandikie tena: mkataba husainiwa na nani upande wa hospitali, na huchukua muda gani? Kwangu, mtu wa kusaini alikuwa likizo na hakuna aliyeniambia. Pata jina la cheo chake na la anayemkaimu.