Somo: Kuandaa nyumba kwa dharura (nisiulizwe tena begi liwe na nini)

Wakuu, kila mvua ikikaza au ardhi ikitikisika mahali, meseji zinamiminika na swali ni lile lile. Nimechoka kunakili jibu. Naliweka hapa, atakayeuliza tena namrudisha huku.

1. Begi. Tochi, redio ndogo ya betri, filimbi, vifaa vya huduma ya kwanza, nguo za kubadili, noti ndogo ndogo. Likae karibu na mlango, si juu ya kabati.

2. Nyaraka. Nakala kwenye mfuko usiopitisha maji, picha zake kwenye simu.

3. Dawa za kila siku, za kutosha wiki nzima. Miwani ya akiba pia.

4. Maji. Hapa ndipo nilipoumbuka. Piga lita 4 kwa mtu kwa siku, siku 3 kwa uchache. Watu watano ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Hesabu niliipata, chombo kikanitia aibu. Nilichukua madumu yaliyokuwa ya juisi, nikasuuza juu juu, nikajaza, nikayasahau miezi minane. Siku bomba lilipokatika nikafungua la kwanza mbele ya watoto: likatoa pumzi, psss, na chini ya mfuniko ute wa kijani umeganda. La pili vile vile. La tatu sikulifungua mbele ya mtu.

Kwa hiyo sikilizeni. Dumu la akiba liwe la maji tangu mwanzo. Lililobeba maziwa au juisi halitakati sawasawa hata ulisugue vipi. Lililobeba mafuta ya taa au dawa ya wadudu, usithubutu. Osha kwa sabuni, suuza, andika tarehe ubavuni, weka pasipo jua, badilisha maji kila miezi 6.

5. Mahali pa kukutania: pawili, pa jirani na pa mbali. Watoto wakariri namba moja ya simu.

6. Kila mtu mzima ajue kuzima swichi kuu ya umeme na kufunga maji na gesi. Gesi ya bomba ukishaifunga, kuifungua ni kazi ya fundi.

MASWALI

— Mkuu, asante kwa somo. Sasa begi liwe na nini?
Hatua ya 1.

— Akiba ikiisha, maji ya kisima kilichofurika naweza kuyatia klorini nikanywa?
Umeuliza la maana. Kuchemsha ndiyo njia bora: yachuje kwa kitambaa, yatokote dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Huna moto? Tumia klorini ya kufulia ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, au 4 yakibaki na ukungu. Koroga, subiri nusu saa. Yanuke klorini kwa mbali. Yasiponuka, rudia kipimo kile kile, subiri dakika 15 zaidi. Ila yakiwa yameingia mafuta au kemikali, achana nayo. Moto hauviondoi, klorini haiviondoi.

— Mnatishana tu. Mimi umeme ukikatika naingiza jiko la mkaa chumbani na sijawahi kudhurika.
Mkaa sikuutaja, umeuleta mwenyewe. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na anayelala nayo haamki kuja kulalamika hapa. Jiko nje. Jenereta nje, mbali na madirisha.

— Tochi yangu kila nikiihitaji haiwaki, na betri nilitia siku ile ile niliyoinunua.
Ndiyo sababu. Ifungue, utakuta unga mweupe kwenye springi. Betri zimevuja.

— Naongezea hapo kwa mwenye tochi: betri zikae nje, uzifunge pamoja na tochi kwa mpira. Ule unga futa kwa pamba yenye siki kidogo, ukivaa glavu.
Hii naichukua.

— Na vyakula vya kwenye friji?
Usifungue mlango. Friji hushika baridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48.

— Nina madumu manne ya juisi nimeshayajaza. Niyatupe?
Usitupe. Andika kwa herufi kubwa MAJI YA CHOO, uyaweke mbali na yale ya kunywa. La tatu langu liko chooni mpaka leo.