Mnataka kutunza eneo la wazi la mtaa? Anzeni na mchoro

Wakinijia majirani na miche mkononi, swali langu ni hilohilo: mchoro mmeuona? Sinza yetu hapa Dar es Salaam, kama Kijitonyama, ilipimwa katika mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, na maeneo ya wazi yaliachwa makusudi. Lakini uwanja kuwa mtupu si ushahidi. Nendeni manispaa kwa afisa mipango miji, mtaje kitalu (block) cha eneo lenu, mwombe kuona mchoro wa mipango miji, yaani ramani inayoonyesha kila kipande kimetengwa kwa matumizi gani. Kama ni kiwanja cha mtu, mmeokoa nguvu zenu. Kama ni eneo la wazi, ombeni nakala.

Kisha mkutano wa mtaa, na hapa msiwe na haraka. Mwombeni mwenyekiti aiweke ajenda hiyo juu, isije ikaangukia kwenye mengineyo, maana mengineyo yakifika watu wameshaanza kunyanyuka. Waalikeni hasa wanaolitumia eneo sasa: fundi gereji, mama ntilie, bodaboda, vijana wa mpira. Mkikaa kikao bila wao, miche itang'olewa usiku na aliyeing'oa hamtamjua. Kubalianeni nani anabaki wapi. Baada ya hapo muhtasari: mahudhurio yenye saini, azimio, mhuri wa mtendaji. Nakala moja iende kwa mkurugenzi pamoja na barua ya kuomba kulitunza eneo, nyingine kwa diwani, ya tatu ibaki kwenu. Siku likibandikwa tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, pingamizi lenu la maandishi litakuwa na pa kushikia.

Kupanda kwenyewe ni kazi ndogo. Subirini masika yakolee, chimbeni shimo la sentimita 60 kila upande, mchanganye samadi na udongo wa juu, kwa sababu mchanga wa Dar haushiki maji. Mkungu kwa kivuli, mwarobaini kwa uvumilivu. Ashoki mimi siupendi. Kivuli chake hakimtoshi hata kuku.

Shughuli ni kumwagilia, kuanzia Juni hadi vuli. Msiikabidhi kamati. Kila kaya ipewe mti wake, dumu la lita 20 mara mbili kwa wiki. Kijiwe cha bodaboda wapeni mti ulio karibu nao. Wapo pale tangu alfajiri, na mbuzi hasogei. Michango iandikwe kwenye daftari linalokaa dukani, anayetaka kulifungua alifungue.