Kuchagua TV kubwa ya filamu kwa hela ya kubana

Kabla hujaenda madukani, chukua futi kamba upime sebule. Kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, kutoka kochi hadi ukutani ni mita 2.4, na inchi 55 inatosha kabisa. Inchi hupimwa kona hadi kona, kwa hiyo 55 ni kama sentimita 140. Upana wake ni 122 hivi.

Kinachotofautisha TV ni weusi wa picha. Ya kwanza niliinunua kwa kuvutiwa na video ya maua dukani. Usiku nyumbani, giza la filamu likawa kijivu kama majivu ya jikoni, nyuso hazionekani. Siku hizi naenda na flashi yenye tukio la usiku, namwomba muuzaji apunguze mwanga, natazama mbele kisha pembeni. Akikataa, nahama duka.

Chukua 4K, yaani yenye nukta nyingi za picha, ila HDR, ile ya kukuza tofauti ya mwanga na giza, kwenye TV yenye mwanga hafifu usiiongezee hela. Bakiza ya spika na stabilaiza. Usiiweke mkabala na dirisha, jua la Dodoma litafuta picha. Na kwenye bajaji, boksi lisimame wima, lisilazwe.