Chujio la Mapipa kwa Bwawa la Samaki la Uani, Tabora

Wengi wanaotengeneza chujio la bwawa huanza na picha ya chujio la maji ya kunywa: kokoto chini, mchanga katikati, mkaa juu. Siku ya kwanza maji yanatoka meupe na mwenye bwawa anafurahi. Siku ya nne mchanga umeziba, pipa linafurika, na alfajiri samaki wanahema juu ya maji. Wamejenga kizuizi cha uchafu, wakati kinachotakiwa ni banda. Ndani ya banda hilo wanaishi bakteria wanaokula sumu isiyoonekana kwa macho, na bakteria hao ni mifugo kama perege walivyo mifugo: wanataka chakula, wanataka hewa, na hawataki kumwagiwa dawa.

Sumu yenyewe ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua, na chakula kinachobaki na kuoza huiongeza. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo perege anaivumilia vizuri, mchicha nao unaipenda. Bakteria hawa hujibandika kwenye vitu vigumu na kutengeneza utelezi wa rangi ya kahawia. Kwa hiyo ukubwa wa chujio hupimwa kwa eneo wanalopata la kujishikiza, na eneo hilo hupangwa kwa kuangalia chakula unachomwaga kila siku. Idadi ya samaki peke yake haikwambii kitu.

Tuchukue bwawa la mita 3 kwa 2, kina cha maji sentimita 85. Hizo ni lita 5,000 na ushei. Weka perege 100 wa kukuzwa mpaka gramu 200. Mwishoni una kilo 20 za samaki, wanaokula asilimia 2 ya uzito wao: gramu 400 kwa siku. Chakula chenye protini asilimia 30 huacha takriban gramu 28 za naitrojeni ya amonia kwa kila kilo, kwa hiyo hapa ni kama gramu 11 kila siku. Mita moja ya mraba ya utelezi uliokomaa, kwenye maji ya nyuzi joto 25 hivi, ipigie hesabu ya gramu 0.3 kwa siku. Unahitaji mita za mraba 37. Kokoto za robo tatu inchi hutoa takriban mita za mraba 150 kwa kila mita ya ujazo, hivyo pipa lenye lita 160 za kokoto lina 24. Mapipa mawili yanakupa 48. Ziada hiyo si ya kuongezea samaki, ni ya siku mtoto atakapomwaga kopo zima la chakula. Juni na Julai, usiku wa Tabora ukiwa na baridi, bakteria hupunguza kasi na samaki hupunguza hamu ya kula. Punguza chakula mpaka joto lirudi.

Vifaa, na vile vya kuviepuka

Utahitaji mapipa matatu ya plastiki ya lita 200: moja la kutuamisha tope na mawili ya kokoto. Ndoo 16 za lita 20 za kokoto, kreti mbili tupu za soda, bomba la inchi 1 la kupandisha maji, bomba la inchi 2 la kuunganisha mapipa na kurudisha maji bwawani, konekta za tenki zenye washa za mpira, elbo, geti valvu tatu za inchi moja na nusu, na matofali ya kuchoma. Pampu iwe ya kuzamisha, iliyoandikwa lita 3,000 hadi 4,000 kwa saa, ya wati 40 mpaka 60. Namba ya kwenye boksi ni ya maji yasiyopandishwa popote. Yakipanda mita 1.3 hivi inashuka sana. Wewe unatafuta lita 2,000 hadi 2,500 kwa saa. Kupima ni rahisi: ndoo ya lita 20 ijae ndani ya sekunde 30 hadi 36.

Kuhusu mapipa, usinunue kabla hujajua yalibeba nini. Mkoa huu unalima tumbaku na pamba, na mapipa yaliyobeba viuatilifu hufika sokoni yamesuguliwa vizuri. Plastiki hunywa dawa na kuitoa polepole. Pipa la mafuta ya kula au la juisi nzito linafaa. Gunia lililobeba tumbaku nalo lisiingie majini, maana nikotini huua samaki.

Hatari nyingine iko ndani ya nyumba: chandarua chenye dawa. Watu hukikata kufunikia pampu au kushikilia kokoto kwa sababu matundu yake ni mazuri. Dawa iliyomo ni ya jamii ya pairethroidi, na kiasi kidogo kisichomdhuru binadamu kinatosha kumaliza bwawa zima. Hata kikiwa kikuukuu, kiache. Tumia wavu wa kuvulia au mfuko wa vitunguu.

Kokoto zetu nyingi ni za matale, zinafaa kabisa, ila zioshe mpaka maji yatoke bila vumbi. Pipa likijaa kokoto na maji linapita kilo 300, kwa hiyo msingi uwe wa kweli. Ukiona uzito ni tatizo, vizibo vya plastiki vya chupa za maji vinafaa pia na havizibi upesi, ila vinaelea, hivyo vifunike kwa wavu na mawe. Mkaa uuache jikoni. Hufyonza vitu kwa muda mfupi, kisha unakuwa jiwe la kawaida linalomomonyoka na kuacha unga mweusi.

Kujenga

Mapipa yasimame hatua kwa hatua ili maji yatembee yenyewe: la tope kwenye kozi nne za matofali, la pili kozi tatu, la tatu kozi mbili. Kila pipa litobolewe tundu la kutolea maji sentimita 10 chini ya ukingo, la inchi 2. Usibane matumizi hapa. Bomba jembamba likinasa jani, maji yanafurika juu ya pipa na pampu inaendelea kulimwaga bwawa shambani usiku kucha. Kwa sababu hiyohiyo pampu isikae sakafuni: iweke juu ya matofali, sentimita 35 kutoka chini, ili bomba likipasuka samaki wabaki na maji ya kulala.

Kwenye pipa la kwanza maji yaingie katikati ya kimo, kupitia elbo iliyogeuzwa kufuata ukuta. Maji yatazunguka taratibu kama uji unaokorogwa, na kinyesi kitajikusanya chini. Weka valvu ubavuni karibu kabisa na kitako, kisha lilaze pipa kidogo kuelekea valvu kwa kabari ya sentimita 2 au 3. Bila mwinamo huo utafungua valvu, maji yatoke, tope libaki limelala upande wa pili. Ni kweli pampu huvunjavunja kinyesi kabla hakijafika hapa. Kupitisha maji kwa mteremko kwanza na kuweka pampu mwishoni ni bora zaidi, lakini kunataka utoboe ukuta wa bwawa na kufukia mapipa. Kwa anayeanza, njia hii inatosha.

Pipa la pili na la tatu yanafanana. Maji yanayoingia yashuke kwa bomba la wima la inchi 2 mpaka sentimita 5 juu ya kitako, mwisho wake ukikatwa mshazari usijibane sakafuni. Fudikiza kreti ya soda chini, zungushia mawe ya ukubwa wa ngumi, kisha mimina kokoto juu yake. Nafasi chini ya kreti ndiyo tope laini linapotua, na valvu ya chini huliondoa. Maji yanapanda kupitia kokoto na kutoka juu. Yakipita kutoka juu kwenda chini, uchafu hukaa kama kifuniko juu ya kokoto na maji hutafuta njia moja ya mkato pembeni. Bomba la kurudi lidondoshe maji bwawani kutoka sentimita 30 juu, upande ulio mbali na pampu. Mporomoko huo ndio hewa ya samaki.

Kama washa ya konekta inavuja, kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa duara hufanya kazi nzuri. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu haifai.

Wiki sita za mwanzo

Chujio jipya ni pipa la mawe tu. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujaa, na hapa ndipo vifaranga wengi hufa. Anza na vifaranga 20, si 100, na chakula kidogo wanachomaliza ndani ya dakika tano. Ukipata ndoo moja ya kokoto zenye utelezi kutoka chujio la jirani ambaye samaki wake ni wazima, imwage katikati ya zako. Utaokoa wiki kadhaa. Zisafirishe zikiwa mbichi, zisikauke juani.

Amonia hupanda kwanza, nitriti hufuata karibu wiki ya pili hadi ya nne. Nitriti huharibu damu: ukifunua matamvua utayaona ya kahawia badala ya mekundu, na samaki anahema ingawa maji yanaporomoka vizuri. Simamisha chakula siku mbili, badilisha robo ya maji, na weka chumvi, nusu kilo kwa kila lita 1,000, iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo. Kwa bwawa letu ni kilo mbili na nusu. Chumvi ya kawaida ya Uvinza inatosha. Kloraidi yake huzuia nitriti kupenya kwenye matamvua.

Maji yakiwa ya kijani usilaumu chujio. Bakteria hawaondoi mwani. Kivuli ndicho huupunguza. Ila mwani mzito husukuma juu alasiri pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji (namba ikishuka, uchachu unazidi), na hapo amonia hubadilika tabia. Kwenye maji ya nyuzi 28, pH ikiwa 7, chini ya asilimia moja ya amonia iko katika hali kali; pH ikifika 9 ni karibu asilimia 40. Ndiyo maana bwawa lililokuwa salama asubuhi linaweza kuua saa tisa alasiri.

Matunzo

Pipa la tope lifunguliwe kila siku, ndoo moja tu mpaka maji yaanze kutoka meupe. Mimina kwenye migomba au tuta la mchicha. Mapipa ya kokoto yaache mpaka uone maji yanapanda juu kuliko kawaida au mtiririko umepungua, mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu. Safisha moja, lingine baada ya wiki tatu. Suuza kwa maji ya bwawa lenyewe, bila sabuni, bila kusugua. Mtu anayerudisha kokoto zinazong'aa amewaua mifugo wake na anaanza tena wiki sita.

Umeme ukikatika, kumbuka kwamba bakteria wanavuta hewa iliyomo majini. Baada ya saa tatu au nne maji yaliyosimama kwenye kokoto hukosa hewa, na kadiri muda unavyopita huanza kunuka yai viza. Pampu ikiwaka yenyewe, maji hayo yanamwagika bwawani kwa mkupuo. Ukikuta umeme ulikatika muda mrefu, chomoa pampu, fungua valvu zote tatu, mwaga kila kitu shambani, halafu ndipo uwashe. Kwa matumizi ya LUKU, pampu ya wati 60 inayofanya kazi usiku na mchana hula takriban uniti 43 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, piga hesabu kwanza usije ukavuka kiwango. Ila usijaribu kuokoa kwa kuizima usiku.

Bakteria hula pia akiba ya maji ya kuzuia uchachu, ile inayotokana na chokaa. Maji ya mvua na ya visima vingi vya kwenye matale hayana akiba hiyo, hivyo pH hushuka, na ikipita chini ya 6 kazi karibu inasimama. Ning'iniza mfuko wenye nusu kilo ya chokaa ya kilimo kwenye pipa la tatu, uujaze ukipungua. Chokaa ya kupaka ukuta isiguse bwawa.

Septemba na Oktoba jua hunywa kama ndoo mbili kwa siku kwenye bwawa hili. Pamoja na ile ya tope, unaongeza ndoo tatu. Maji ya bomba, yawe ya Igombe au ya Ziwa Victoria, yana klorini. Yaache kwenye chombo kilicho wazi siku moja au mbili, na, ukiacha ile dharura ya nitriti, usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi ya bwawa kwa mara moja.